Sehemu Ambayo Janvier Aliiacha Wazi

Ujumbe wa Neema ulinikuta nikimenya vitunguu, na mpaka leo sijui kama machozi ya kwanza yalikuwa ya vitunguu au ya Mama Vumilia. Ulikuwa ujumbe wa sauti, mfupi, na nyuma yake wanawake walikuwa wakilia na mvua ikipiga bati: "Dada Odette, Mama ametuacha. Kama barabara inakubali, ukuje." Niliurudia hadi nikaanza kuisikia ile mvua yenyewe, mvua ya Kashebere, ambayo hainyeshi kwa hasira bali kwa ukaidi. Mume wangu aliuliza kutoka sebuleni ni nani aliyekufa. Nikamjibu kwamba ni mama mmoja aliyenikaribisha kwake nilipokuwa kijana. Akasema pole, akaongeza sauti ya redio kidogo, na sikumlaumu, kwa sababu miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumweleza kwa nini nikisikia kitu kikilia mara tatu kwa sauti inayopanda, hata kama ni mashine ya kufulia ya jirani, mimi husimama na kugeuka nyuma.

Nyumba nilimozaliwa, ng'ombe wa Kirolirwe na malumbano ya ukoo wetu juu ya malisho, hayo nitayaacha. Hayajawahi kuninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni mwaka mmoja tu, ule nilioutumia Kashebere, mpakani mwa Masisi na Walikale, nikiandika pilote. Nieleze neno hilo mapema ili nisiwachoshe baadaye. Kompyuta, hata uipende vipi, haikijui kifaa chochote. Ukiichomekea kadi ya redio, haioni kitu mpaka mtu aandike programu ya kuwajulisha hao wawili. Kifaransa kinaiita pilote, nasi tuliiita hivyo hivyo. Na kazi ya kwanza ya pilote ni kuomba. Inauomba mfumo wa mashine zile anwani ambazo kadi inasikilizia, na inaomba laini ya kukatiza, yaani mlango ambao kadi itaugonga ikiwa na jambo la kusema. Mfumo ukikuta havina mtu, unaandika jina lako, na tangu hapo ni vyako. Mwalimu wetu wa Goma, mzee aliyepandisha suruali hadi mbavuni, alitufundisha kazi yote kwa maneno matatu: kuomba, kutumia, kuachilia. Kisha alitutazama juu ya miwani na kusema kwamba wengi wetu tutakuwa hodari wa hayo mawili ya kwanza. Tulicheka. Tulikuwa katika umri wa kucheka.

Nilifika Kashebere kwa lori, juu ya magunia ya mchele wa wafanyabiashara, na kadi ya redio nimeifunga ndani ya kikwembe tumboni, hata abiria wenzangu wakanipa nafasi wakidhani nina mimba. Kituo cha afya kilikuwa na vyumba vinne na bati lililopakwa rangi upande mmoja tu. Nesi mkuu, ambaye kila mtu alimwita Papa Titulaire kwa sababu ya cheo chake, alinipokea kwa mikono miwili, akanipeleka moja kwa moja kwenye chumba cha mashine, nyuma ya uzazi. Kilinuka dawa ya kusafishia sakafu na betri. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya shule, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa maua, kama redio ya bibi harusi. Alinieleza shida hapo hapo, tukiwa tumesimama. Gari pekee la wagonjwa lililokubali kufika kwetu lilikuwa la hospitali ya Kirotshe, kule chini ziwani. Zamani waliliita kwa redio ya sauti. Lakini sauti inasikilizwa na kila mwenye redio, na kule milimani si wote wenye redio ni manesi. Siku moja gari liliitwa kwa sauti, na wenye bunduki wakalingoja kwenye kona. Walichukua dawa, walichukua mashuka, na wakamvua dereva viatu. Tangu siku hiyo dereva alisema hatakanyaga barabara ile kama safari yake imetangazwa hewani. Kwa hiyo walitaka maandishi: ujumbe uandikwe kwenye kompyuta, uruke kwa redio, usomwe Kirotshe peke yake.

"Na iko muntu anangojea," Papa Titulaire akasema, akifunga dirisha ili tusisikiwe. "Neema, mutoto ya Mama Vumilia, kwenye utalala. Mimba ya kwanza walimupasua. Alifika Kirotshe amechelewa, mutoto alikuwa amekwisha kufa. Hii ya pili, kama inamukamatia huku, mimi sina kisu ya kumusaidia. Anapaswa kushuka mbele uchungu haijaanza, siku yenye barabara iko pole. Mademoiselle, hiyo kadi yako inapaswa kusema mbele huyu mutoto hajazaliwa."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na sikuiona kubwa. Kijana aliyenitangulia alikuwa ameshaifanya mara moja. Jina lake Janvier, kaka yake Neema, mwana wa kwanza wa Mama Vumilia. Aliandika pilote ya kadi ya kwanza, ikafanya kazi majuma kadhaa. Kisha akaondoka asubuhi moja kuelekea Walikale kutazama antena iliyokuwa juu ya kilima, na mkate ndani ya mfuko. Hakurudi. Baada yake radi ikaipiga antena yetu, ikachoma kadi. Kompyuta yenyewe ilinusurika. Papa Titulaire alinisimulia hayo yote kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa, ila mikono yake ilikuwa ikiyanyoosha yale maua ya kitambaa, moja baada ya jingine.

Kwa Mama Vumilia nilipewa chumba chenye kitanda cha mianzi na dirisha linalotazama migomba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mabega yake, na hakupenda maswali. Jioni ya kwanza nilimpa jibini niliyobeba kutoka Masisi. Akainusa, akaniuliza kwa upole kama imeharibika njiani, na Neema akacheka hadi akashika tumbo. Ndipo nilipoanza kumpenda Neema. Chakula kilikuja: bugali ya muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyotiwa mawese mengi, na kipande cha nyama ya porini ambacho nilishauriwa nisiulize jina lake. Mama Vumilia akagawa. Aliweka sahani yangu, ya Neema, yake, kisha akaweka ya nne, ya bati jeupe lenye ukingo wa bluu uliobanduka upande mmoja. Akapima bugali, akachota sombe, akaichagulia nyama nzuri kuliko zetu, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka mbele ya kiti ambacho hakikukaliwa na mtu. Tukasali. Tukala. Mimi, kwa adabu ya kwetu, niliona si vizuri kuanza kabla mwenzetu hajafika, nikawa nachokonoa tu. Mama Vumilia akaona. "Kula, mutoto. Janvier anakulaka akifika," akasema. Baada ya kula jirani mmoja alikuja kuichukua ile sahani, akawapa watoto wake chakula kile, akairudisha imeoshwa.

Asubuhi yake nilikuwa kwenye chumba cha mashine pamoja na Papa Titulaire alipobonyeza kitufe. Kompyuta ilikohoa, feni ikazunguka, maandishi yakapita. Kisha kutoka kwenye kispika kidogo cha ndani zikatoka sauti tatu zinazopanda, ya mwisho ikivutwa kidogo, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba anayoizoea. Nje ya dirisha nikasikia mtu akisema, taratibu kabisa, "Muzuri, Janvier." Nilipochungulia, Mama Vumilia alikuwa ameshageuka, jembe begani, akienda shambani. Papa Titulaire hakunitazama. Alisema tu kwamba ile ni salamu ya Janvier. Alikuwa mtoto wa mchezo, aliiweka mwanzoni kabisa mwa pilote yake ili mama yake akipita ajue mwanawe amefika kazini. Na pilote ile iliendelea kuamka kila asubuhi, ingawa kadi iliyoandikiwa ilikuwa imeungua na yeye mwenyewe hajulikani aliko.

Nikaichomeka kadi yangu, nikaandika pilote yangu, nikaipandisha. Mfumo ukanikatalia. Ukasema anwani zimeshikwa. Nikaomba laini ya kukatiza, nayo imeshikwa. Nikafungua orodha ambayo mfumo unaweka ya nani ameshika nini, na pale, kwa herufi ndogo, mbele ya zile anwani nilizozihitaji, paliandikwa: janvier. Nje watu waliulizana barabarani kama lori lililoteremka jana limemuona, maana kila lori lililotoka Walikale lilileta Janvier wake: mmoja alionekana akibebeshwa mizigo na watu wa msituni, mwingine akichimba mawe, mwingine yuko mji mkubwa na ndevu. Na mimi mbele yangu nilikuwa na Janvier wa pekee ambaye hakuna aliyeweza kumbishia. Alikuwa ndani ya mashine, ameshika mlango.

Kadi yangu ilikuwa ya aina ya zamani ambayo anwani zake haziwezi kuhamishwa. Kugawana laini hakukuwezekana. Ili wawili wagawane, lazima wote wawili wawe wamekubali tangu mwanzo, na yeye alipoomba hakusema atagawana. Ilibaki njia ya adabu: mwache aamke, apige salamu yake, kisha umwondoe taratibu na wewe uingie. Hivyo mama hatakosa sauti yake na Neema hatakosa gari lake. Nilifurahia akili yangu. Nikaamuru mfumo uiondoe pilote ya Janvier, ikaondoka bila ubishi. Nikajaribu kuingiza yangu: bado imeshikwa. Nikafungua orodha nione ni nani sasa, na mashine ikaganda palepale. Ilinichukua siku nzima na kichwa kuniuma kuelewa. Pilote ilikuwa imeondoka bila kuachilia chochote. Mfumo bado uliamini kwamba zile anwani zina mwenyewe, na nilipouuliza jina lake, ulikwenda kulitafuta mahali lilipokuwa zamani, ukakuta pamebomolewa, ukapotea humo humo.

Ndipo nikalifungua faili la Janvier na kulisoma tangu juu. Sijawahi kuona programu iliyoandikwa kwa upendo namna ile. Kila sehemu aliiwekea maelezo kwa Kiswahili, kwa adabu, kama anayemwelekeza mgeni: hapa tunapiga hodi, hapa tunaomba anwani, hapa tunaomba laini. Nikafika mwishoni, kwenye sehemu ambayo mfumo unaiita pilote inapotaka kuondoka. Ilikuwa tupu. Ndani yake palikuwa na mstari mmoja tu wa maelezo: "Kuachilia. Hii nitaimaliza nikirudi."

Nilimwonyesha Papa Titulaire, nikamwambia dawa ni mistari miwili. Naijaza ile sehemu na kila kitu kitakwenda. Alivua kofia. "Hiyo haigusiki," akasema. "Nilimuambia Mama Vumilia kitu ya Janvier itabakia vile aliiacha. Sikia. Ku pori ya kwetu, muwindaji akitega, anafunga fundo ya majani ku njia yake. Kama anapotea, fundo inabakia. Muntu haiwezi tega pale, ata nyama inapita mbele ya macho yake. Mama yake ao muke yake njo anakuja kufungua ile fundo. Na siku anafungua, batu wote banajua sasa njo saa ya kulia." Nikamwambia, kwa ukali wa msichana aliyetoka shule, kwamba hii si njia ya mitego, ni kompyuta. Akanijibu kwamba anajua ni kompyuta, yeye ndiye aliyeipokea. Kisha akasema niende nikamwombe mwenyewe.

Nilimkuta Mama Vumilia jikoni, akitwanga mbika, mbegu za maboga. Moshi ulikuwa mwingi na nilishukuru, kwa sababu uliniruhusu kutomtazama sana. Nikamweleza kadiri nilivyoweza: kwamba mwanawe ameshika mlango, kwamba hakuna ubaya, kwamba salamu itabaki, kwamba nataka tu kuandika mahali pale alipopaacha wazi. Akatwanga. Nikadhani hakusikia. Kisha akaweka mchi chini.

"Unataka kuandika fasi yenye yeye alisema ataandika?"

"Ndiyo, Mama. Kidogo tu."

"Kama wewe unaimaliza," akauliza, "yeye atarudia kufanya nini?"

Nimewahi kuketi kwenye mikutano ya wataalamu wenye suti, wakiulizana maswali marefu juu ya mashine, na sijasikia swali lililonifunga mdomo kama lile. Nikamsaidia kupepeta mbika. Nilikuwa nimemkasirikia na nikamhurumia kwa wakati mmoja, na hasira ilikuwa rahisi zaidi kuibeba, kwa hiyo niliibeba ile. Nilijiambia ni ushirikina. Nilijiambia mwanamke huyu yuko tayari kumpoteza binti aliye hai kwa ajili ya mistari miwili. Lakini asubuhi kompyuta ilipopiga zile sauti tatu, hata mimi nilijikuta nikitazama mlango.

Majuma yalipita hivyo. Nilijaribu njia za pembeni, moja ikiwa ya kipumbavu kuliko nyingine, na pilote ya Janvier ilinikatalia kwa upole uleule. Kulikuwa na njia nyepesi, ya kuizuia isiamke kabisa. Lakini hiyo ingemnyamazisha, na Papa Titulaire alisema siku salamu ile itakosekana bila Mama kujua, atanirudisha Masisi kwa miguu. Tumbo la Neema likakua. Aliacha kwenda shambani, akawa anakaa kibarazani akichambua maharage, na wanawake waliopita njiani walipunguza sauti wakimfikia. Niliwasikia siku moja wakisema, huku wakidhani ukuta ni mnene, kwamba ile nyumba inakula watoto wake. Neema naye alisikia. Aliendelea kuchambua maharage, ila mabaya na mazuri akayatia kwenye bakuli moja.

Jioni ile tuliketi mezani. Mama Vumilia akagawa kama kawaida. Akafika kwenye sahani yenye ukingo wa bluu, akapima bugali. Neema akamshika mkono, si kwa nguvu.

"Mama, kila mangaribi unapimaka bugali ya Janvier. Iko muzuri. Mimi sikatale. Lakini mimi unanipima?"

"Sahani yako iko mbele yako."

"Mimi niko hapa, Mama. Nakaa mbele yako, unaniona. Huyu naye iko anacheza saa hii, weka mukono usikie." Akauchukua ule mkono wenye mwiko na kuuweka juu ya tumbo, na sombe ikadondokea nguoni, hakuna aliyeipangusa. "Sahani yake iko wapi? Kama mimi nakufa na yeye, utatuwekea zetu pia? Utakuwa na sahani tatu, zote za batu benye hawako, na wewe peke yako ku meza."

Mama Vumilia aliuacha mkono pale, na nilimwona usoni akimsikia mtoto. Kisha alimalizia kupima chakula cha Janvier, akakifunika, akaketi, akasali. Sala ilikuwa ndefu kuliko kawaida na sauti yake ilipotea katikati. Mimi nililia ndani ya chakula changu bila aibu.

Asubuhi alikuja kituoni bila jembe. Alisubiri nje mpaka salamu ikapigwa, akasema "Muzuri, Janvier," halafu, kwa mara ya kwanza tangu nilipofika, akazunguka na kuingia mlangoni. Akaketi kwenye kigoda, magoti yakimfika karibu na kidevu. "Maneno yake utayaacha?" akauliza.

"Nitayaacha, Mama. Nitaandika chini yake."

"Basi andika. Mimi nakaa hapa. Na ile yenye unaandika, unanisomea."

Nikaandika mstari wa kwanza. Nikamsomea: laini hii ninaiachilia. Akatikisa kichwa. Nikaandika wa pili: anwani hizi ninazirudisha. Akauliza ni nani anaambiwa hayo. Nikamwambia ni mashine.

"Nayo inamujibu nini?"

"Haijibu, Mama. Inafuta jina lake ku orodha, basi."

Nilijua nimekosea kusema hivyo kabla sijamaliza. Alikaza macho kwenye kioo. Papa Titulaire, aliyekuwa mlangoni, akaanza kukohoa kikohozi cha uongo. Mama Vumilia akauliza kama jina litabaki kule juu, kwenye maneno aliyoyaandika mwenyewe. Nikasema litabaki, na ile salamu itabaki, na kila asubuhi atafika kwanza yeye ndipo nifuate mimi. Akafikiri. "Basi anafika, anasalimia, kisha anaachilia," akasema. "Endelea."

Tulizima mashine na kuiwasha upya. Sauti tatu zikapanda. Kisha pilote ya Janvier ikaondoka, safari hii kwa utaratibu, na yangu ikaingia, na kadi ikawasha taa yake ya kijani. Nikaifungua orodha. Haikuganda. Mahali lilipokuwa jina la janvier palikuwa na odette. Mama Vumilia alijua herufi; akasogea, akaweka kidole juu ya kioo, chini ya jina langu. "Njo wewe sasa," akasema, yaani sasa ni wewe. Miaka yote hii nimejaribu kujua kama ilikuwa baraka au lawama, na nadhani yeye mwenyewe hakuchagua. Akainuka, akatoka, akafika katikati ya barabara mbele ya kituo, na hapo sauti yake ndogo ikakua. Aliita jina la mwanawe kwa kilio ambacho kiliwatoa watu majumbani. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Wanawake walikwenda kuchukua unga na kuni, wanaume wakaleta viti, na kabla jua halijapanda vizuri matanga ya Janvier yalikuwa yamewekwa uani kwa mama yake.

Na ujumbe wa kwanza kutoka Kashebere kwenda Kirotshe niliuandika nikiwa nasikia vilio vile. Niliandika kwamba kuna mama mjamzito aliyepasuliwa hapo awali, kwamba barabara imetulia, kwamba waje. Nilikosea jina la Neema, nikalifuta, nikaliandika upya. Taa ya kijani ikapepesa. Tukangoja, Papa Titulaire na mimi, tukitazama kadi kama watu wanaotazama sufuria ya maziwa. Kisha ikagonga mlango wake, ile laini ambayo mwanzoni sikuweza kuipata, na maneno yakatokea: wamepokea, wanakuja. Gari lilifika kabla matanga hayajaisha. Dereva alikuwa na viatu vipya na alivitazama kila hatua. Neema alipanda akiwa bado na majivu ya matanga ya kaka yake kwenye paji la uso, na mama yake akampa mto wake mwenyewe wa kuegemea, akarudi kuketi kati ya waliao bila kungoja gari lipotelee kwenye kona. Jibu lilipokuja, siku kadhaa baadaye, nilikimbia nalo hadi shambani, nikaanguka mara mbili kwenye tope, nikalisema kabla sijasimama: Neema mzima, mtoto wa kike mzima. Mama Vumilia aliketi palepale kwenye matuta ya viazi. Alisema tu, "Aletewe sambaza, mama mwenye kunyonyesha anakula sambaza," kana kwamba Kirotshe, ziwani kabisa, kuna upungufu wa samaki.

Nilidhani baada ya hayo ile sahani itaondoka mezani. Haikuondoka. Mpaka siku niliyoaga, Mama Vumilia aliendelea kuipima, kuifunika na kuiweka, na Neema, mtoto kifuani, hakumshika tena mkono. Na kila asubuhi alipita chini ya dirisha, akasikiliza, akajibu salamu. Kilichobadilika ni kwamba baada ya kujibu alisimama kidogo na kuniuliza kutoka nje, "Ameachilia?" Nami nikajibu, "Ameachilia, Mama." Ndipo akaenda.

Barabara ilikubali. Nilifika Kashebere wiki iliyopita nikiwa na mgongo wa kizee na jibini mkobani. Tumemzika nyuma ya nyumba, upande wa migomba, na watu wamelia vizuri. Kesho yake asubuhi nilikwenda kituoni bila kumwambia mtu. Papa Titulaire alikwishakufa zamani. Chumba cha mashine sasa ni ghala la vyandarua, watu wana simu mifukoni, na nesi kijana aliyenifungulia hakuwahi kusikia habari za kompyuta yoyote. Nilisimama chini ya dirisha, nje, pale alipokuwa akisimama yeye. Nilisubiri kwa muda ambao mtu mzima hapaswi kusubiri mahali pasipo na mashine.

Mchana Neema alitandika chakula ndani kwa watu wa nyumbani. Amenenepa, ana mvi, na anapika sombe kwa mawese mengi kama mama yake. Binti yake Mapendo, yule aliyezaliwa Kirotshe, alitunawisha mikono. Nikatazama mezani, kwa sababu macho hayana adabu, na Neema akajua ninatafuta nini.

"Siku za mwisho alikuwa anakatala kula," akasema. "Tulimuletea bouillon, tulimuletea ndizi, anakatala. Kisha siku moja akaniambia: nipe mu sahani ya Janvier. Nikasema, Mama, hiyo iko ya mwenyewe. Akasema, mimi njo namukalia fasi yake, nitakulia mu hiyo. Tulimulishia mu hiyo, dada. Alikula yote. Njo pale tulijua ameachilia."

Alikwenda jikoni, akarudi nayo. Bati jeupe, ukingo wa bluu, ule uliobanduka sasa umekula kutu. Akapima bugali, akachota sombe, akachagua nyama nzuri. Hakuifunika. Akaiweka mbele yangu na kuvuta kiti.

"Kula, dada Odette," akasema. "Sasa iko wazi."

Mkono wangu ulikataa kwanza. Kisha nikala, nikaimaliza, na Mapendo akaichukua kwenda kuiosha pamoja na zingine.